Komeo la Nje

Sehemu ya Tisa

Komeo liliteleza kwenye chuma chake, likagota. Kisha hatua za mtu zikaondoka juu ya ngazi, bila haraka.

Tulimwacha Ikupa Mwasomola hapo hapo, chini ya hospitali ya kale ya Wachina, katika kichochoro cha Haymarket. Ilikuwa mchana, wajenzi wamekwenda kula. Sydney ina watu zaidi ya milioni tano, na hakuna hata mmoja aliyejua yuko wapi, isipokuwa, pengine, huyo aliyefunga.

Hakupiga kelele mara moja. Ikupa ni mtaalamu wa mifupa ya kale, na kazi hiyo humfundisha mtu kutazama kwanza. Alielekeza tochi mlangoni.

Upande wa ndani haukuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Mbao zilikuwa nzima, hazijawahi kupigwa msumari. Mlango huu ulitengenezwa tangu mwanzo ufungwe na mtu aliye nje.

Hospitali gani hufungwa kwa nje?

Hospitali ya zama za koloni, ndiyo hiyo. Chama cha Wema cha Wachina kilichangisha, kikajenga, kikaajiri mganga, kikapika uji wa wagonjwa. Serikali ya koloni ilikubali kwa sharti moja: ufunguo wa kufuli la komeo ukae kituo cha polisi cha mtaa. Chama kiliamua nani aingie. Sajenti aliamua nani atoke. Ndui ilipofika mjini waliingia wengi, na ndugu walipokuja kuuliza, sajenti alikuwa na jibu moja kwa wote: “Amerudi kwao.”

Baadhi ya waliorudi kwao walikuwa bado humu stoo, ndani ya mitungi, wakingoja meli.

“Kuna mtu ndani!” Ikupa aliita, mara moja tu, kwa nguvu.

Hatua zilisimama. Zikarudi.

“Nani?”

“Ni mimi, Ikupa! Fungua!”

“Ikupa gani?”

“Kwani kuna Ikupa wangapi kwenye hili jengo, Fiacre?”

Komeo likarudishwa. Mwanga wa mchana ukaingia, na katikati yake akasimama Fiacre, mlinzi wa zamu, Mrundi mwenye fulana ya njano na kipande cha mkate wa samaki mkononi.

“Pardon, dada, pardon! Mimi nilifikiri umeenda kula. Watu yote ilienda kula.”

“Hukuona vizuri uite kwanza?”

“Niite huko chini?” Fiacre alitazama ngazi kama mtu atazamaye kisima. “Ukiita huko na mtu akaitika, vraiment, utafanya nini?”

Ikupa nusura acheke. “Nani alikuambia ufunge mchana?”

“Polisi.”

“Si bosi wako?”

“Chef hajui hata hii mlango iko. Ni polisi, ile ndugu yako, Afisa Ulimboka. Alisema watu ikienda kula, komeo. Leo asubuhi akapiga simu tena: Fiacre, usisahau komeo.”

Ikupa aliliona jambo hilo kuwa la kawaida. Wajenzi walipobomoa ukuta na kukuta mitungi, sheria ilitaka polisi waitwe kwanza, kabla ya mtaalamu, kabla ya mtu yeyote. Aliyetumwa alikuwa konstebo Ulimboka, binamu yake Ikupa, mtoto wa mama yake mkubwa kutoka Tukuyu. Ndiye aliyetamka kwamba mifupa yote ni ya kale, haihusiki na kesi yoyote. Ndiye aliyeondoka na ufunguo wa akiba.

Ufunguo ulikuwa umerudi kituoni, kama zamani. Ikupa aliliona hilo wakati ule, akalicheka, akalisahau.

Kosa la kwanza.

“Kazi mbaya hii,” Fiacre aliendelea, akitafuna. “Hata yule wa mbele yangu hakuiweza. Alilinda hapa wakati bado ni gofu. Ile siku moja, hakuja. Wanasema alikimbia na mwanamke, Perth.”

“Nani huyo?”

“Mkenya mmoja. Maxwell.”

Ikupa alishika ukuta.

Nyumba anayopanga chumba, kule Guildford, ni ya Wilkister, nesi kutoka Kisumu. Mumewe Wilkister aliitwa Maxwell. Alikuwa mlinzi. Miaka mitatu iliyopita alitoka na chakula chake kwenye kopo la plastiki akaenda kazini, hakuonekana tena. Binti yao, Hope, zamani alikuwa akiuliza “Where's Dad?” kila jioni. Siku hizi haulizi.

Wilkister alikuwa amerudia jambo moja kwa kila mtu: hakujua Maxwell alikuwa akilinda wapi. Kampuni humhamisha mlinzi leo huku, kesho kule. Na polisi aliyeshika ile kesi alikaa kwenye sofa lake, akala chapati zake, akamwambia kwa Kiswahili safi, “Mama Hope, mtu mzima ana haki ya kuondoka. Pengine amerudi kwao.”

Polisi huyo alikuwa Ulimboka. Hakuishia hapo. Kila Jumapili bado hupita Guildford kuwajulia hali, na Wilkister humpokea kwa heshima, “Karibu, Afisa.” Ikupa alidhani ni wema.

“Dada, unaumwa?”

“Hapana. Fiacre, mlango huu usiufunge tena mpaka mimi niseme.”

“Na polisi?”

“Mimi niseme.”

*

Alirudi chini kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, na lori lilikuwa njiani.

Mchana huo mitungi yote ilikuwa ipakiwe, ipelekwe bandarini, na kutoka huko mpaka vijiji vya Guangdong, kusini mwa China, ambako watu hawa walizaliwa. Ndivyo walivyoahidiwa walipokufa. Chama cha Wema kilikuwa na desturi: mtu huzikwa kwanza, miaka ikapita, kisha mifupa hufukuliwa, hukwanguliwa, huanikwa, hupangwa kwenye mtungi wake na kusafirishwa. Meli ya mwisho haikuja, na mlango ukasahaulika.

Kilichobaki ni sahihi ya Ikupa: kwamba kila mtungi una mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni wa kale.

Aliufikia mtungi wenye jina la Lam Fook.

Wapangaji wa mifupa wa Chama cha Wema walikuwa mafundi. Kila mtungi aliokwisha kuufungua ulipangwa kwa namna ile ile. Mifupa ya nyayo chini kabisa. Juu yake miundi, mapaja, nyonga. Kisha pingili za mgongo zikipanda kwa zamu, mbavu zikizizunguka, mikono pembeni. Fuvu mwisho, juu, likitazama mbele. Mtu alikaa ndani ya mtungi kama abiria kwenye kiti chake.

Ikupa alifunua kifuniko cha Lam Fook akitarajia fuvu.

Alikuta vidole vya miguu.

Alitazama tena. Vidole, visigino, kisha miundi imesimamishwa kama kuni. Aliingiza mkono uliovaa glavu, akapapasa hadi chini, na huko kwenye sakafu ya mtungi vidole vyake vikaingia kwenye matundu mawili ya macho.

Lam Fook alikuwa kichwa chini.

Fundi wa Chama asingefanya hivi hata akiwa mlevi. Huyu alipangwa na mtu aliyejaza mtungi kama anayejaza sanduku la safari: kikubwa kwanza, vidogo juu.

Ikupa alitoa mfupa mmoja, muundi, akaupima mkononi. Mifupa ya wenzake ilikuwa myepesi, mikavu, rangi ya chai. Huu ulikuwa mzito. Ulikuwa wa manjano, na kwenye glavu uliacha utelezi wa mafuta.

Mfupa wa zaidi ya karne hauna mafuta.

Alitoa mfupa wa paja. Tochi iliupiga, na kitu kikamrudishia mwanga.

Kwenye paja la kushoto la Lam Fook, Mchina aliyekufa kabla baba yake Ikupa hajazaliwa, palikuwa na bamba la chuma cha pua, limefungwa kwa skrubu. Skrubu moja ilikuwa imekatika kichwa, mwili wake ukabaki ndani ya mfupa.

Tramu ilipita barabarani. Vifuniko vya mitungi vikagongagonga, vyote kwa pamoja, kisha vikanyamaza.

*

Chini hakukuwa na mtandao. Kuta zilikuwa za mawe. Ikupa alirudisha kila mfupa, akafunika, kisha akafanya jambo moja dogo ambalo msomaji na alikumbuke: aliuzungusha mtungi mpaka jina la Lam Fook likatazama ukuta. Sasa haukutofautiana na mingine yote iliyojaa safu kwa safu.

Alipanda uani, akampigia Wilkister.

“Wee Ikupa, niko kazini. Kuna nini? Ni Hope?”

“Hope mzima. Nina swali moja. Maxwell aliwahi kuvunjika mguu?”

Nyuma ya Wilkister mashine ya hospitali ililia, ikaacha.

“Mbona unauliza?”

“Aliwahi?”

“Aliumia kwa mpira. Kitambo, kabla hatujaoana. Wakamwekea chuma.”

“Mguu gani?”

“Left. Kushoto. Ikupa, si uniambie…”

“Kulikuwa na tatizo lolote na hicho chuma?”

“Screw moja ilikatika. Daktari alisema kuitoa ni kuvunja mfupa upya, wakaiacha ndani. Ilikuwa inamuuma wakati wa baridi.” Sauti yake ilishuka. “Uko wapi?”

“Kazini.”

“Kazini wapi?”

“Wilkister, nitakuja nyumbani jioni. Tutaongea tukiwa tumekaa.”

“Usinifanyie hivyo. Ati tukiwa tumekaa! Mimi ni nesi, hayo maneno nawaambia watu kila siku. Umempata?”

Ikupa hakupenda kusema neno asiloweza kulithibitisha. “Nimekuta mfupa. Wataupima. Kabla ya hapo mimi sijui kitu, na wewe hujui kitu.”

“Ushamwambia Afisa?”

“Bado.”

“Usimwambie kwanza.” Kisha, haraka, “Ama mwambie. Sijui. Manze, sijui.” Simu ikakatika.

Ikupa alibaki akiitazama. Wapo watakaomlaumu kwa alichokifanya baadaye, lakini alifuata sheria. Ukikuta mifupa ya mtu wa juzi, simu ni kwa polisi aliyekabidhiwa eneo.

“Ulimboka? Ni mimi. Nimekuta mabaki ambayo si ya kale.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Hakusema mtungi gani. Hakutaja chuma, wala jina la Maxwell.

“Usiguse kitu,” alisema Ulimboka. “Usimwambie mtu, hata mlinzi. Nakuja mwenyewe. Na lori?”

“Limefika.”

“Basi waache wapakie mingine, mambo yaende. Usizue taharuki, dada. Hao Wachina wamengoja sana.”

Alikata simu. Ikupa alijiuliza swali moja: polisi gani huruhusu mzigo uondoke mahali palipokutwa maiti?

*

Lori lilikuwa limeingia uani kinyumenyume, na mbele yake alisimama Bi Lau, mwenyekiti wa Chama cha Wema, mfamasia mstaafu, amevaa suti nyeusi. Alikuwa na machungwa, vijiti vya udi, na nguruwe mzima wa kuchoma ndani ya boksi.

“Daktari Mwasomola, tuko tayari. Saini hapa tupakie.”

“Sitasaini leo, Bi Lau.”

Mama yule alitabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. “Samahani?”

“Si leo.”

“Nina watu hamsini wanaosubiri bandarini. Nina wengine kule kijijini wameshachimba makaburi.” Hakupaza sauti. “Lam Fook ni baba wa bibi yangu. Bibi yangu alikufa akiamini babake aliitupa familia. Polisi walimwambia mama yake kwamba amerudi kwao. Kule kwao wakasema hajafika. Unajua mtu anaishije hapo katikati?”

Ikupa alijua. Alipanga chumba katika nyumba ya mtu wa namna hiyo.

Wapakizi wawili walikuwa wamesogea kusikiliza. Dereva alizima injini ili asipitwe. Ikupa hakuweza kusema alichokiona mbele ya watu wote hao.

“Bi Lau, nina swali la kitaalamu. Chama kinapompanga mtu wenu, kinaanza na nini?”

“Na miguu. Kila mtu anajua.”

“Na kichwa?”

“Mwisho. Juu. Mtu hasafiri kichwa chini, Daktari. Atafikaje?”

“Naomba uje uone mtungi mmoja.”

Walishuka wawili. Ikupa alifunua kifuniko, akamulika, akamwacha atazame mwenyewe. Bi Lau alitazama vile vidole vya miguu kwa muda. Kisha Ikupa akauzungusha mtungi taratibu, jina likatokea.

Mama yule hakulia. Alishika ukingo wa mtungi kwa mikono miwili kama anayemzuia mtu asianguke.

“Huyu si yeye.”

“Si yeye. Huyu amekufa juzi. Miaka michache.”

“Nani?”

“Nadhani namjua. Ana mke na mtoto.”

“Na walitaka tumpeleke sisi.” Bi Lau alizungumza polepole, akipanga hesabu yake. “Kwa ubani na nguruwe. Tumzike kwa jina la babu yangu, tumlilie, tumfukizie udi kila mwaka. Na mkewe hapa angeambiwa nini?”

“Ameshaambiwa. Kwamba amerudi kwao.”

Bi Lau alipouliza tena, sauti ilikuwa ya mtoto. “Kama huyu yumo humu, Lam Fook wametupa wapi?”

Ikupa alirudisha kifuniko.

“Nahitaji lori liondoke tupu,” alisema. “Na nahitaji hao wanaume wasijue kwa nini.”

Bi Lau alijifuta viganja, akanyoosha suti yake, akapanda ngazi. Juu alisimama mbele ya wapakizi akatazama anga, akahesabu kitu kwa vidole, akatikisa kichwa.

“Tunaahirisha. Siku imebadilika. Kalenda imekataa.”

“Imekataa?” dereva aliuliza. “Si nyinyi mliochagua siku?”

“Nilisoma vibaya. Nimezeeka. Leo ni siku ya mbuzi, na mimi nilizaliwa mwaka wa ng'ombe; hawapatani.”

“Sasa nguruwe?”

“Nguruwe chukueni mle.”

Hapakuwa na ubishi tena. Lori liliondoka na nguruwe wake. Bi Lau alikwenda nalo mpaka barabarani, na kwa kuwa wajenzi walikuwa bado hawajarudi, uwanja ukabaki tena na watu wawili, Ikupa na Fiacre.

Ndipo Ulimboka alipoingia.

*

Hakuvaa sare. Alikuja kwa miguu, mikono mfukoni, bila redio na bila mwenzake.

“Ugonile, dada,” alimsalimia kwa lugha ya kwao, kwa tabasamu lile lile la Jumapili. “Lori liko wapi?”

“Limeondoka.”

“Na mitungi?”

“Yote iko chini.”

Tabasamu halikuondoka, ila lilichelewa kidogo. “Fiacre, nenda kanywe chai.”

“Nimekunywa, Afisa.”

“Nenda kanywe tena.”

Fiacre alimtazama Ikupa. Ikupa alimjibu kwa macho: kaa. Fiacre akaenda mpaka kwenye lundo la matofali, akajifanya anatafuta kopo lake.

Walishuka. Ikupa alimtanguliza Ulimboka na yeye akabaki kwenye ngazi ya chini, tochi mkononi. Mitungi ilisimama mbele yao safu kwa safu, kimo kimoja, rangi moja, vifuniko vimefungwa. Ule mmoja ulikuwa umerudi kutazama ukuta. Ikupa alihakikisha hilo kabla hajapanda na Bi Lau.

Alimulika sakafu tu.

Mpelelezi yeyote angeuliza, “Ni upi?” Lilikuwa swali pekee la maana, na Ikupa alilingoja. Alilitamani. Kama binamu yake angeuliza, mambo yote aliyoyakusanya tangu adhuhuri, komeo, simu ya asubuhi, ruhusa ya lori, yangeweza kupata maelezo mengine.

Ulimboka hakuuliza.

Alipita safu ya kwanza. Akapita ya pili. Akainama chini ya boriti bila kuitazama, kama mtu anayejua boriti ilipo. Akafika ukutani, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha mtungi wa Lam Fook.

“Hata taa haitoshi,” alisema, akimpa mgongo.

“Ngoja nilete kubwa,” alisema Ikupa.

Alipanda ngazi kwa mwendo wa kawaida. Mwendo wa haraka ungesikika. Alivuka kizingiti, akauvuta mlango kwa mikono miwili, akalisukuma komeo mpaka likagota.

“Dada!” Fiacre aliangusha kopo. “Huyo ni polisi!”

“Najua.”

“Umefunga polisi!”

“Mlango ulitengenezwa kwa ajili ya polisi, Fiacre. Hawakusema awe upande gani.” Alimnyooshea simu yake. “Piga simu ya dharura. Usipige kituo cha hapa. Waambie tunataka wapelelezi wa mauaji, na waambie jengo lina mtu.”

Fiacre alibonyeza, akakosea, akabonyeza tena.

Kutoka chini hakukuja kelele wala ngumi mlangoni. Zilikuja hatua, moja moja, zikipanda, zikasimama nyuma ya mbao.

“Ikupa.” Sauti ya Ulimboka ilikuwa karibu sana, na ilikuwa tulivu. “Umefanya hesabu nzuri. Umesahau namba moja.”

Ikupa alishika komeo.

“Maxwell alikuwa na mwili wa kilo tisini. Mimi mgongo wangu unaujua. Kunyanyua chuma kidogo tu, nalala wiki. Unafikiri nilimshusha ngazi hizi peke yangu?”

Fiacre alikuwa akisema anwani kwa Kiingereza cha kuokoteza. Mtu wa upande wa pili wa simu alikuwa akimwomba arudie.

“Nani alikuwa na wewe?” Ikupa aliuliza.

“Mtu anayejua kunyanyua mwili usiojinyanyua. Kuna kazi inafundisha hivyo.”

Lango la uani lilisukumwa.

Ikupa aligeuka. Aliyeingia alikuwa amevaa sare ya bluu ya hospitali, kitambulisho bado kinaning'inia kifuani, viatu vya kazini, hana koti. Alikuwa amekuja kwa haraka. Hakuwa na ramani, wala simu mkononi ya kumwelekeza, na uwanja ule wenye vichochoro vitatu vya kuingilia hauonekani kutoka barabarani.

Wilkister. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia mahali Ikupa alipo. Miaka mitatu yote aliapa hajui mumewe alilinda jengo gani.

Alimpita Fiacre bila kumwona. Alisimama mbele ya mlango, akatazama mbao, kisha komeo lililosukumwa mpaka mwisho, na uso wake ukaporomoka.

Ikupa alingoja amuulize kuhusu Maxwell.

“Mungu wangu,” alinong'ona Wilkister. “Umemfungia Uli?”